"Frank": neno lililoanza kama jina la watu huru

Mwanafunzi akimuuliza mwalimu wake maana ya neno la Kiingereza "frank", mara nyingi hujibiwa kwa neno moja tu, "mkweli", kisha somo likaendelea. Jibu hilo linatosha kumvusha mtu katika mtihani, lakini kwa anayefasiri hotuba, anayeandika barua ya kikazi, au anayesoma taarifa ya marais wawili waliotoka kuzungumza faragha, linapotosha kuliko linavyosaidia. Nimekaa na neno hili muda mrefu katika kazi ya kufasiri, na kadiri ninavyokutana nalo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kiini chake ni uhuru. Aliye "frank" ni yule asiyejiona amefungwa na lolote mbele ya anayezungumza naye, na kwa hiyo haoni sababu ya kuyazuia yaliyomo moyoni mwake.

Tuanze na namna linavyoachana na ukweli. Shahidi anayesimama mahakamani na kujibu kila swali bila kusema uongo hata mmoja, lakini akalinyamazia kila jambo ambalo hakuulizwa, ni mkweli, na hakuna hakimu atakayemshtaki kwa lolote. Mwingereza hata hivyo hatamwita "frank". Rafiki anayekuambia usoni kwamba duka unalotaka kulifungua mtaa ule halitamaliza mwaka, huyo amekuwa "frank" nawe, hata kama baadaye duka litashamiri na yeye mwenyewe akawa mteja wako. Alikosea kukisia, ila hakukuficha alichokiona. Ukweli tunaupima kwa kulinganisha maneno na hali ya mambo ilivyo, ilhali sifa hii tunaipima kwa kulinganisha maneno na kilichomo kifuani mwa msemaji, tukauliza kama amekitoa chote au amekibana. Ndiyo maana Waingereza husema kwamba fulani amekuwa "frank" na fulani kuhusu jambo fulani: lazima awepo msikilizaji, na lazima liwepo jambo ambalo lingeweza kufichwa.

Asili ya neno inaeleza mengi. Wafranki walikuwa makabila ya Kijerumani yaliyoishi kando ya mto Rhine, na waandishi wa Kirumi walianza kuwataja katika karne ya 3. Baadaye waliiteka Galia, nchi ambayo leo ni Ufaransa, na chini ya mfalme wao Clovis, aliyefariki mwaka 511, wakawa watawala wa sehemu yake kubwa. Katika nchi hiyo iliyotekwa, aliyekuwa na uhuru kamili alikuwa Mfranki, au mtu aliyewekwa chini ya ulinzi wa Wafranki, hivyo jina la kabila likageuka polepole kuwa jina la hadhi, na katika Kilatini cha zama hizo "francus" likapata maana ya mtu huru. Kifaransa cha kale kikalirithi kwa umbo la "franc", na ndani yake mlikuwa na uhuru pamoja na ubora wa hulka. Kiingereza kikalichukua kutoka huko mnamo mwaka 1300, na kwa karne mbili na zaidi Mwingereza alipolitamka alikuwa na maana ya mtu huru, au mtu mkarimu asiyebana mali yake, kabla neno halijatulia, katika karne ya 16, kwenye maana tunayoijua sasa ya mtu asemaye bila kificho.

Hatua hizo zinafuatana vizuri ukizitazama kwa makini. Aliye chini ya bwana hupima kila neno, kwa sababu neno likimchukiza mkubwa, mgongo wake ndio utakaolilipa. Aliyezaliwa huru hana wa kumchapa, basi ulimi wake hauna kamba. Watu wa zamani waliiona tabia hiyo, wakaiita kwa jina la wenyewe.

Ndugu wa neno hili wamesambaa mbali, na baadhi yao wamefika kwetu bila sisi kuwatambua. Jina la Ufaransa lenyewe limetoka humo. Ubani wa Dhofar kule Oman na wa Somalia, ambao nyumba za pwani zimeufukiza kwa vizazi vingi, Waingereza huuita "frankincense", jina lililotoka katika Kifaransa cha kale likiwa na maana ya ubani ulio bora. Haki ya kupiga kura huitwa kwa Kiingereza "franchise", neno la Kifaransa cha kale lililokuwa na maana ya uhuru. Barua iliyopita posta bila malipo kwa saini ya mbunge wa Uingereza, upendeleo uliofutwa mwaka 1840 ilipoanzishwa posta ya peni moja, iliitwa "frank". Na faranga nayo imo katika ukoo huu. Sarafu ya "franc" ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1360, wakati mfalme Jean wa Pili wa Ufaransa alipoachiliwa baada ya kutekwa na Waingereza katika vita vya Poitiers mwaka 1356. Wako wanaosema jina lilitokana na maandishi ya Kilatini yaliyomtaja kuwa mfalme wa Wafranki, na wako wanaosema sarafu ilitangaza kwamba mfalme yuko huru, lakini njia zote mbili zinarudi kwenye shina moja. Utawala wa Wabelgiji uliileta sarafu ya jina hilo Kongo, Rwanda na Burundi, na leo Mnyarwanda au Mrundi anaposema "amafaranga" ana maana ya fedha kwa jumla.

Ndugu aliye karibu nasi kuliko wote ni yule tunayemtaja kila tunapokisifu Kiswahili kwa kusema kwamba ni lingua franka ya Afrika Mashariki. Maneno hayo yalikuwa jina la lugha ya mchanganyiko iliyotumiwa na mabaharia na wafanyabiashara wa Bahari ya Mediterania, na maana yake ni lugha ya Wafranki, kwa kuwa watu wa mashariki ya bahari ile, Waarabu na Wagiriki, walimwita kila Mzungu wa magharibi Mfranki. Sasa litazame jina la Kingwana, ambalo Kiswahili cha mashariki ya Kongo kimeitwa kwa miaka mingi. Limetokana na waungwana. Katika karne ya 19, misafara ilipotoka Zanzibar na Bagamoyo kuelekea Tabora, Ujiji na Manyema, watu wa pwani waliokuwa ndani yake waliitwa Wangwana, na msafiri Stanley aliwataja kwa jina hilo katika maandishi yake. Lugha waliyoiacha njiani ikaitwa kwa jina lao. Muungwana, kabla ya kuwa mtu mwenye adabu, alikuwa mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Kwa hiyo lugha mbili za biashara, moja ya Mediterania na nyingine ya Maziwa Makuu, zilibeba majina yaliyoundwa kutokana na neno la watu huru, na wala hakuna aliyemwiga mwenzake.

Ni haki kusema pia kwamba katika pande zote mbili uhuru huo ulipimwa kwa kutokuwa huru kwa wengine. Mfranki alikuwa huru katika nchi aliyoiteka, na waungwana wengi wa pwani yetu walimiliki watumwa. Neno halikuzaliwa safi, na anayelitumia kusifu kauli ya wazi anapaswa kukumbuka kwamba zamani kauli hiyo ilikuwa haki ya wachache.

Jambo linalonivutia zaidi ni mahali njia zinapoachana. Kiingereza kilimchukua mtu huru kikatazama ulimi wake, kikasema uhuru unaonekana pale mtu anaposema lolote alilonalo. Kiswahili kilimchukua mtu huru yuleyule kikatazama mwenendo wake, kikasema uhuru unaonekana katika kujizuia, katika kuchagua maneno, katika kumsitiri mwenzako hata pale ambapo ungeweza kumuumbua. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hapigi kelele, wala hamtukani aliyemvua. Ndiyo maana tukimsifu mtu kwa uungwana hatuna maana kwamba anasema kila kitu, na pengine tuna maana ya kinyume chake. Mfasiri anayekutana na sentensi ya Kiingereza inayomsifu kiongozi kuwa "frank" yuko mbele ya sifa ambayo, ikihamishwa bila uangalifu, msikilizaji wa Pemba au Lamu anaweza kuisikia kama lawama ya kukosa staha.

Nasikia mara kwa mara watu wakihitimisha kutokana na hili kwamba Waswahili hawaambiani ukweli, kwamba sisi ni watu wa kuzunguka mbuyu. Nalikataa hitimisho hilo kwa nguvu zote. Kauli ya wazi tunayo, ila tumeiweka katika viti maalumu, na anayeketi katika kiti hicho anaruhusiwa, hata anatakiwa, kusema bila kumung'unya maneno. Mfikirie mtani. Mpare akimkuta Mchaga, au Mnyamwezi akimkuta Mzaramo, yanaweza kusemwa baina yao maneno ambayo yangezua ugomvi yakisemwa na mtu mwingine, na msibani mtani anaweza kuutaja ubahili wa marehemu mbele ya wafiwa, watu wakacheka katikati ya machozi. Mfikirie somo, yule mama anayemfunda mwari mambo ya unyumba ambayo mama mzazi hawezi kuyatamka mbele ya bintiye. Mfikirie mshenga, anayepeleka na kurudisha maneno ya mahari ambayo bwana harusi mwenyewe akiyasema ataonekana mkosefu wa adabu. Bibi na babu nao wana nafasi hiyo kwa wajukuu wao. Hawa wote, katika saa ile na kiti kile, wako huru kama Mfranki alivyokuwa huru, na wakiondoka katika kiti hicho wanarudi kwenye adabu ya kila siku kama watu wengine.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti yenyewe baina ya lugha hizi mbili. Kiingereza cha leo kinaiona sifa hii kuwa ni tabia ya mtu, anayoibeba popote aendapo. Kiswahili kinaiona zaidi kuwa ni uhusiano baina ya watu wawili. Mwingereza naye hakuusahau uhusiano kabisa, kwa maana mara nyingi kabla ya kusema jambo zito humwomba anayezungumza naye ruhusa ya kuwa "frank", kama sisi tunavyosema, "Niwie radhi mzee wangu, leo nitakuambia lililo moyoni." Ombi hilo linaonyesha kwamba msemaji hana uhakika kama yuko huru, na anamtaka mkubwa wake amfungulie. Lakini mkubwa anapomwita kijana ofisini na kuanza kwa kusema kwamba atakuwa "frank" naye, neno hilo halimgharimu chochote, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemzuia, na mimi husikia ndani yake onyo zaidi kuliko uwazi.

Majirani wa neno hili nao lazima watenganishwe, maana mkanganyiko mwingi unatoka kwao. "Blunt" husemwa pia kwa kisu butu, na mtu wa namna hiyo ni yule tunayesema amemtolea mwenzake uvivu au amempa makavu: hajali kama maneno yanaumiza. Mtu anaweza kuwa "frank" kwa upole mkubwa, akalia pamoja na anayemwambia. Hawezi kuwa "blunt" kwa upole. "Outspoken" ni la hadharani, nalo magazeti hupenda kulitumia kwa wabunge na wanaharakati wanaosema wazi jambo ambalo wengi wanalinong'ona, wakati "frank" hukaa vizuri zaidi baina ya watu wawili na mlango umefungwa. "Candid" limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya weupe, na hapa Kiswahili kina bahati, kwa sababu sisi pia tunao moyo mweupe na mambo yaliyofanywa peupe. Lakini hata hilo lilibadilika njiani: katika karne ya 18 "candid" lilimaanisha mtu anayehukumu bila chuki wala upendeleo, na ndivyo lilivyotumika katika Tangazo la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776, lililowasilisha hoja zake mbele ya ulimwengu lililouita "candid", yaani ulimwengu usiopendelea. Anayelisoma tangazo hilo leo kwa maana ya sasa atadhani ulimwengu unaombwa useme, na kumbe unaombwa usikilize kwa haki.

Kuna jambo la sarufi ambalo wanafunzi wengi huliruka. Umbo la "frankly" hufanya kazi mbili, na nafasi yake katika sentensi ndiyo inayoamua. Likiwa karibu na kitenzi cha kusema, linaeleza namna mtu alivyosema: alizungumza waziwazi, kinagaubaga, bila kuficha. Likitangulia mwanzoni mwa sentensi, likafuatwa na mkato, halielezi tena kitenzi chochote kilichomo. Linamweleza msemaji mwenyewe na ujasiri anaotaka kuutumia, kama tunavyoanza kwa kusema "kusema kweli" au kama ndugu zetu wa Lubumbashi na Bujumbura wanavyochomeka neno la Kifaransa "franchement" katikati ya Kiswahili chao. Sentensi inayosema kwamba waziri alijibu kwa namna hiyo, na sentensi inayoanza na neno hilo kisha ikasema kwamba waziri hakujibu, zina "frankly" ileile, lakini katika ya kwanza sifa ni ya waziri na katika ya pili ni ya mwandishi. Nimeziona tafsiri zilizompa waziri sifa ambayo mwandishi alijichukulia mwenyewe.

Wauguzi na madaktari wanalitumia kwa namna nyingine kabisa, nami nitaitaja kwa ufupi kwa sababu vijana wa vyuo vya afya husoma kwa Kiingereza. Damu au usaha ukiitwa "frank" maana yake ni kwamba unaonekana kwa macho bila kuhitaji kipimo cha maabara. Hapo "dhahiri" linatosha.

Palipobaki ni katika siasa na sheria, ambako neno hili lina uzito mkubwa kuliko kwingine. Taarifa ya pamoja ya serikali mbili inaposema kwamba mazungumzo yalikuwa "frank", wanadiplomasia wote wanajua kwamba pande hizo zilitofautiana, pengine vikali, na kwamba hakuna aliyekubali msimamo wa mwenzake. Vyombo vyetu vya habari hufasiri mara nyingi kwamba viongozi walifanya mazungumzo ya wazi, au ya kina, na msomaji wa Kiswahili anabaki na picha ya kikao cha undugu. Sidhani kama mfasiri analaumika kwa kutoandika kwamba waligombana, kwa sababu taarifa yenyewe haikusema hivyo, lakini angeweza kuandika kwamba kila upande ulieleza msimamo wake bila kuficha, na msomaji makini angejua kilichotokea.

Katika sheria, neno hili hufungwa pamoja na pacha wake wa asili. Sheria ya Uingereza ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000, katika kifungu cha 36, inaruhusu serikali kuzuia habari fulani zisitolewe ikiwa kuzitoa kutazuia utoaji wa ushauri ulio "free and frank". Kwa historia tuliyoipitia, maneno hayo mawili ni neno moja lililosemwa mara mbili, huru na huru, moja la Kiingereza cha kale na jingine lililopitia Ufaransa. Na kifungu chenyewe kinazua mvutano ambao naona unafaa kufikiriwa sana: ili afisa awe huru kumwambia waziri kila alilonalo, wananchi wanaweza kunyimwa nafasi ya kujua alichosema. Kiti cha kusema kimewekwa tena faragha, kama cha somo na mwari wake. New Zealand nayo, katika Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2020, imeutaja ushauri wa namna hiyo kwa mawaziri kuwa ni mojawapo ya misingi ya utumishi.

Ningeombwa kuyafasiri maneno hayo ya sheria, nisingeandika "ushauri wa kweli", wala "ushauri wa wazi", kwa sababu la kwanza linamwahidi waziri kwamba afisa hatakosea, na la pili linaweza kueleweka kuwa ushauri utangazwe. Ningeandika "ushauri huru na usiofichwa kitu", japokuwa ni mrefu kuliko asili yake, kwa kuwa sheria haimdai afisa awe sahihi kila mara. Inadai asiogope kuutoa anaouona kuwa ndio, na aliye juu yake asimwadhibu kwa kuusema.